Gari Lisilowahi Kuingia Majini

Kama umekuja kucheka, cheka sasa hivi, umalize, kisha unisikilize. Hiki si kisa nilichosimuliwa matangani. Kilinipata mimi mwenyewe, hapa hapa Kisangani, saa sita za mchana, nikiwa macho kabisa. Wala usiniambie nilikuwa nimelewa. Pombe sijaionja tangu nizaliwe, na anayeijua familia yetu atakuambia hivyo hivyo.

Mimi ni fundi wa bodi za magari. Miaka mingi nilifanya kazi katika gereji moja, sitaitaja, iliyokuwa na ruhusa ya kiwanda fulani cha Ulaya. Kiwanda hicho kinatoa garanti ya kutu: gari likitoboka kabla ya miaka yake kwisha, wanaleta bati jipya na kazi ni juu yao. Lakini uliza masharti! Kutu iwe imeanzia ndani, si kwenye mkwaruzo wa nje. Na gari liwe halijazama majini hata siku moja. Mtu wa kuamua hayo nilikuwa mimi. Nilikuwa nagonga bati kwa kidole na kusikiliza, basi. Nilijivunia sana sikio langu hilo, kwa nini nikufiche?

Siku moja akaja Papa Symphorien, mfanyabiashara wa Lubunga, ng'ambo ya mto, na pikapu yake nyeupe. Ubavu wa chini, pale chini ya mlango wa dereva, ulikuwa umelika mpaka kidole kinapita. Nikagonga. Ndani kukajibu: ko, ko. Nikasema ni jiwe. Nikaingiza bisibisi, ukamwagika mchanga mweupe wa mto, pamoja na gamba la konokono.

"Papa, gari hii ilizama," nikamwambia.

"Nani amekudanganya? Ni shofere yangu, Lofemba. Alikuwa anabebaka mchanga nayo bila kuniambia. Alinichafulia gari, kisha akakimbia na mwanamuke mpaka Basoko. Sasa mama yake kila asubuhi iko kwa mulango yangu: mutoto yangu iko wapi, mutoto yangu iko wapi. Miye nitajua wapi?" Akanisogelea. "Fundi, saina tu. Kiwanda iko mbali. Nani atakuja kuangalia?"

Wallahi sikula hata faranga yake moja. Kilichoniponza ni kiburi. Gereji yetu haikuwa imekubaliwa dai la kutu hata moja, na mimi nilitaka langu liwe la kwanza. Nikachukua kalamu, nikaandika kwa mkono wangu: gari hili halijawahi kuingia majini. Nikatia sahihi. Wiki chache baadaye wakakubali, na bati jipya likafika. Mkubwa wetu alinipigia makofi mbele ya wenzangu, nami nikatembea kifua mbele siku nzima.

Basi, siku ya kuanza kutengeneza pikapu ile, wenzangu walikuwa wamekwenda kula lituma, ndizi zetu za kuponda, kwa mama mmoja jirani. Mvua ilishuka, ile mvua yetu ya kupiga mabati mpaka husikii hata sauti yako. Nilikuwa nimepiga magoti, nakata bati bovu. Nikainua kichwa. Kijana alikuwa amekaa kwenye usukani.

Mlango sikuusikia. Nikadhani ni mpita njia aliyekimbia mvua, maana shati lilikuwa limemganda mwilini.

"Jambo, tonton," akasema, kwa adabu kabisa, kama anayemwita mjomba wake.

"Jambo, mwanangu. Shuka, utalowesha kiti cha watu."

Hakushuka. "Ile karatasi ya gari hii, ni wewe uliandikaka?"

"Ni mimi."

"Unisomee."

Kopi ilikuwa palepale juu ya meza ya vyombo. Nikamsomea. Akasema, "Tena." Nikasoma tena. Mara ya tatu nikachukia, nikamuuliza kama ni kiziwi. Mvua ikakatika ghafla, kama kawaida yake, jua likaingia mpaka kwenye usukani. Na hapo ndipo nilipoona. Niamini, ndugu yangu. Maji yalikuwa bado yanamtoka, kwenye nywele, puani, mikononi, yanatiririka tu, hayapungui.

"Kama gari hii haikuingia mu mayi, tonton," akasema, "miye nilikufia wapi?"

Ungefanya nini wewe? Nilibaki pale kwenye magoti yangu na msumeno mkononi.

"Patron, Papa Symphorien, alisema tuvuke usiku, tusingoje kivuko. Tukapandisha gari juu ya mitumbwi mbili za kufunga pamoja. Zikaachana. Mulango ilikatala kufunguka. Kisha alivuta gari, miye akaniacha mu mayi." Alikuwa anaongea polepole, kama mtu anayeelekeza njia. "Watu wanasema nilikimbia. Mama iko ananiwekea chakula. Andika pahali nilikufia, tonton." Kisha akateremsha mkono, akagonga bati chini ya mlango, ko, ko. "Niligongaka sana. Hata wewe ulisikia."

Wenzangu waliporudi walinikuta bado nimepiga magoti. Kitini hapakuwa na mtu. Kiti kilikuwa kimelowa chepechepe, na juu ya klachi kulikuwa na mchanga mweupe. Waliuona wote.

Kesho yake nikavuka kwenda Lubunga. Nyumba ya mama yake haikuwa ngumu kuipata, mtaa mzima ulimjua kwa kusubiri kwake. Mezani palikuwa na sahani imefunikwa. Hata kuniuliza jina hakuniuliza. "Papa, umetoka Basoko? Ni yeye amekutuma?"

Ee Mungu wangu. Nilimweleza yote, na karatasi yangu pia nikamweleza. Alilia mpaka majirani wakaja. Baada ya siku mbili ukoo ukashuka mtoni, ukamwita kwa jina lake, matanga yakakaliwa ipasavyo. Papa Symphorien alihama kabla hayajaisha, na sijui alipo. Sahani ile iliondolewa mezani.

Utasema basi, yamekwisha. Nami nilidhani hivyo. Niliandikia kiwanda: futeni maneno yangu, niliongopa. Wakajibu kwa upole sana kwamba matengenezo yamekamilika na dosiye, yaani faili, imefungwa. Kazi nilifukuzwa, na hilo silalamikii. Lakini karatasi yangu iko huko Ulaya mpaka leo, ndani ya kabati nisilolijua, na sahihi yangu chini yake.

Na yeye bado anakuja. Mvua ikinyesha mchana, popote nilipo, namkuta ameketi, maji yanamtoka. "Tonton, unisomee." Nimeandika karatasi nyingine, nyingi, kila moja na ukweli wake wote. Namsomea. Anasikiliza mpaka mwisho, halafu anatikisa kichwa. "Si hii," anasema.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, wewe mwenye kalamu na mhuri. Siku watakapokuletea karatasi ya kusema jambo halikutokea, gonga kwanza. Na ukijibiwa kutoka ndani, usiseme ni jiwe.