Mshumaa wa Bi Obdulia

Mjini Apizaco mafundi magari hawakukosekana, lakini Hermila Cuatecontzi watu walimpelekea vilivyogoma. Nati iliyoshikwa na kutu, skrubu iliyokatikia ndani, plagi iliyong'ang'ania, vyote viliishia kwake, kwa kawaida baada ya wanaume watatu kuvihangaikia na kumaliza matusi yao yote. Yeye hakutukana. Aliketi juu ya ndoo yake akakitazama kile chuma kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kununa. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na kila kitu kilipolegea alishangaa upya. Marehemu mumewe alikuwa akimcheka: "Wewe ni fundi au mtazamaji?" Hermila alimjibu kwamba ni vyote viwili, na sufuria la maharage aliangalie yeye.

Jumamosi ile ya mwisho wa Agosti alikuwa chini ya gari la Mzee Filemón, jeupe, kuukuu, lililokwisha kumzika mwenye kuliuza. Lilikuwa limeanguka kwenye ukaguzi wa moshi. Sensa ya oksijeni, ile inayochomekwa kwenye ekzosi ili kuinusia injini moshi wake, ilikuwa imekufa, na injini ilikuwa inabugia petroli bila kujua kushiba. Sensa mpya ilikuwa mezani. Ya zamani haikutoka. Kituo cha ukaguzi kingefungwa saa nane mchana, na siku ya mwisho ya gari lile kukaguliwa ilikuwa hiyo hiyo.

Katika kiti cha plastiki karibu na mlango alikaa Bi Obdulia, mke wa Filemón, amejifunika shali ingawa jua lilikuwa kali. Mara tatu kwa wiki mumewe alimpeleka hospitalini Puebla kusafishwa damu kwa mashine, maana figo zake zilikuwa zimechoka. Bila stika mpya ya ukaguzi kwenye kioo, askari wa barabarani wangelizuia gari kwenye makutano ya kwanza. Kwenda kwa basi walishajaribu mara moja; Obdulia alirudi amebebwa. Tangu mwaka uliopita hakuitaja tena siku yoyote iliyo baada ya mashine inayofuata. Ukimwuliza habari za Krismasi, alikwambia: "Mimi nina Jumatatu."

"Mzee Filemón," Hermila aliita kutoka chini, "hii takataka ya kijivu iliyozunguka sensa ni nini?"

Mzee alitazama dari. "Gundi ya chuma."

"Nani aliipaka?"

"Ekzosi ilikuwa inavuja sauti, fundi. Nikaziba."

"Nilimkataza!" Obdulia alidakia. "Nikamwambia, baba, hilo ni gari, siyo jino bovu. Eti inavuja sauti! Na wewe unavuja sauti mwaka wa arobaini na sita sasa, mbona mimi sijakuziba?"

Hermila alicheka hadi vumbi la kutu likamwingia mdomoni. Akaibandua gundi kwa patasi, kipande kwa kipande. Mafuta ya kulegezea alikuwa ameyanyunyizia tangu jana. Aliwasha injini mpaka bomba likapata moto, akaizima, akakata waya za sensa ili spana ya bomba ipite, akavuta. Chuma kilikaa kimya. Akavuta tena, akahisi spana inapinda kidogo, akaacha mara moja. Hapo ndipo wengine walipoharibu. Nati ya sensa ile ilikuwa imechomelewa kwenye bomba lenyewe. Meno yake yakiliwa, bomba zima ni la kutupa, na bomba la gari la umri ule lisingepatikana kabla ya Jumatatu. Labda lisingepatikana kabisa.

"Ninahitaji nta," alisema.

Sanduku lake la vipande vya mishumaa ya kanisani lilikuwa na tambi tupu. Alichukua mshumaa wa glasi uliokuwa mbele ya picha ya Bikira, akaomba radhi, akaipasha nati kwa moto wa gesi na kuigusisha. Nta ile ya dukani ililipuka mwali mdogo, ikatoa moshi mweusi, ikaisha. Saa ukutani ilionyesha saa sita na nusu.

"Hayo ni mafuta ya taa yaliyogandishwa tu," alisema, na sauti yake haikumpendeza mwenyewe. "Nataka nta ya nyuki."

Obdulia alifungua mkoba wake. Alitoa kitambaa cheupe chenye maua ya kudariziwa, akakikunjua magotini. Ndani mlikuwa na mshumaa wa manjano, mnene, uliobarikiwa kanisani tarehe mbili Februari. Kila nyumba ilikuwa nao. Uliwashwa mvua ya mawe ilipotishia mahindi, na mtu alipokuwa anakata roho alishikishwa mkononi ili asiende gizani. Tangu figo zigome, Obdulia hakutoka nyumbani bila wake.

Hermila alirudi nyuma hatua moja. "Hapana, mama. Huo siugusi."

"Obdulia," mumewe alisema polepole, "huo ni wako wa..."

"Wa saa yangu ya mwisho, najua, si niliubarikisha mwenyewe? Sasa nikiikosa mashine Jumatatu, saa hiyo itachelewa kweli? Shika, binti. Afadhali uniwakie mapema chini ya gari."

Hermila aliupangusa mkono wake uliozoea nyundo, akaushika. Alilala tena chali. Aliipasha nati hadi ikaiva nyekundu kama nyanya, akauondoa moto, akaugusisha mshumaa kwenye ufa mwembamba kati ya sensa na bomba.

Nta haikudondoka. Iliyeyuka, ikang'aa, kisha ikapanda. Ikaingia juu ndani ya ufa ambao hata unywele usingepita, ikiufuata moto ulikokuwa, kimya kabisa. Hermila alikwisha kuliona jambo hilo mara nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka, na bado nywele zilimsimama. Miaka ishirini na miwili chuma kimemng'ata mwenzake, mafuta yameshindwa, nguvu imeshindwa, na uchafu kidogo wa nyuki unabisha hodi tu na kukaribishwa. Machozi yalimlenga. Hakuyaonea haya.

Aliikaza kwanza, kidogo sana, kama anayekubaliana nayo. Kisha akairudisha. Chuma kililia kilio kirefu kilichomfanya Mzee Filemón avue kofia. Robo mzunguko. Nta tena. Mbele, nyuma, nusu mzunguko. Halafu sensa ikamjia mkononi, meno yote ya nati yakiwa mazima.

"Imetoka?" Obdulia aliuliza.

"Imetoka, mama."

Kisha Hermila alisafisha meno, akapaka grisi ya kuhimili moto, akafunga sensa mpya, akaunga waya, na saa saba na dakika kumi gari likaondoka na wazee wote wawili, likinguruma kwa adabu.

Ndipo alipouona mshumaa mezani, umepungua vidole viwili, mweusi upande mmoja. Katika haraka walikuwa wameusahau. Hofu ilimshika. Aliketi kwenye ndoo akaushika kwa mikono miwili, na hakupokea kazi nyingine hadi honi ilipolia langoni. Stika mpya ilikuwa kwenye kioo, na Mzee Filemón alikuwa anaionyesha kwa kidole kana kwamba ingeweza kukosa kuonekana.

Hermila alikimbilia dirisha la Obdulia. "Mama, mshumaa wako!"

Obdulia aliunusa, akakunja uso. "Unanuka ekzosi. Nikishikishwa huu, padri atadhani nimegongwa na lori." Akamrudishia. "Kaa nao. Hapa kwako una kazi. Mimi nitabarikisha mwingine Februari."

Mzee Filemón, aliyekuwa anatia gia, aliuacha mkono wake hapo hapo. Akamgeukia mkewe.

"Februari?" aliuliza.

"Februari," alisema Obdulia. "Endesha, bwana, nina njaa."