Jumapili ya Kwanza ya Mwezi

Methusela alikuwa fundi wa kuchomelea mageti mtaa wa Chang'ombe, Dodoma. Mkewe Dorkasi aliuza mboga jirani na karakana. Kupiga dramu Methusela alijifunza kwenye kwaya ya kanisa huko Haneti alikozaliwa. Ninaandika habari zake bila uhakika kama ninastahili kuziandika. Katika yaliyompata nina sehemu yangu, na shahada yangu ya chuo kikuu haijanisaidia kuipima.

Bendi yetu ya roki tuliianzisha mwaka 2019, watu wanne, ndani ya ghala la kreti za zabibu nje ya mji. Mimi nilipiga gitaa, Methusela dramu, Abbasi wa Kondoa akapiga besi, Fulgence akaimba. Haikutimia miezi minne, Fulgence, ambaye alikuwa mwalimu, akapata uhamisho. Tukampata Editha mwenye sauti iliyotuzidi sote. Akaolewa, na mume hakutaka. Nikaanza kuimba mwenyewe, tena vibaya. Kwenye baa walikotukaribisha watu walitaka singeli, na mara mbili tulizimiwa umeme katikati ya wimbo. Aliyebaki bila kuyumba ni Methusela. Hata pedali ya dramu aliichomelea mwenyewe kwa mabaki ya geti la mteja.

Mwaka wa tatu wazee wa kanisa lake walimtenga kwa kosa la kupiga muziki baa. Kwa utaratibu wao, aliyetengwa hashiriki Meza ya Bwana, wala mtoto wake habatizwi, mpaka asimame mbele ya waumini, atubu na arudishwe kundini. Kutubu huko kulipangwa Jumapili ya kwanza ya mwezi tu. Methusela aliipokea adhabu hiyo, akaendelea kupiga. Kisha akazaliwa Emiliana, mtoto mdogo kwa umbo, mwenye kifua kisichopona, na jina lililokuwa likingoja maji.

Mwezi Juni, Emiliana akiwa na miezi mitano, Methusela alikuja ghalani mapema kuliko kawaida.

"Kaka, Jumapili hii natubu," aliniambia. "Mtoto abatizwe. Mama yake hana amani."

Nilielewa maana yake. Akitubu, asingekanyaga tena jukwaa la baa. Na Jumamosi iliyofuata tulialikwa kwenye ukumbi mkubwa, ambako mwandaaji wa matamasha kutoka Arusha angekuja kutusikiliza.

"Tubu tu," Abbasi alisema huku akikaza nyuzi. "Jumamosi utatenda dhambi upya. Si ndivyo wenzako wanavyofanya?"

"Wewe ngoja Ramadhani, tutakuona mchana nyuma ya kibanda cha chipsi," Methusela alimjibu.

Walicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa natafuta hoja, nikaipata. Nilimwambia kwamba ubatizo si maombi ya kazi, hauna siku ya mwisho. Asubiri Jumapili ya kwanza ya Julai. Mwezi mmoja ni nini?

Aliokota vijiti vyake vya dramu.

"Wewe umesoma, kaka," alisema. "Labda ni kweli."

Jumamosi tulipiga. Mwandaaji aliondoka kabla ya wimbo wa tatu.

Siku kumi na mbili baadaye Emiliana alishikwa na degedege, akafariki njiani kuelekea hospitali. Tulimzika Haneti. Mchungaji hakuja. Mzee Batholomeo, aliyetia saini barua ya kumtenga Methusela, alisafiri nasi kutoka Chang'ombe kama jirani, akachimba kaburi kwa mikono yake mwenyewe. Dorkasi alimsihi aombee japo kidogo.

"Mwanangu, nitaomba kama jirani," alijibu. "Kitabu cha ibada sikuja nacho."

Aliomba kwa maneno machache, akakwama, akavaa kofia yake. Baada ya mazishi Dorkasi alinimiminia maji ya kunawa bila kunitazama usoni. Kwa hiyo alijua.

Jumapili ya kwanza ya Julai ilipita. Methusela hakwenda kanisani, wala ghalani hakuja. Abbasi akarudi Kondoa kufanya biashara ya ulezi. Nilipata wapiga dramu wawili, mmoja mwanafunzi aliyetoweka mitihani ilipoanza, mwingine sikumbuki hata jina lake.

Agosti, upepo ukipeperusha vumbi jekundu barabarani, nilikwenda karakana. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kuomba radhi kwa siku kadhaa. Nikaanza vingine: nikamwambia kwamba Mzee Batholomeo anamngoja, mlango wa kurudi kundini bado uko wazi.

"Nitubu ili abatizwe nani?" aliuliza.

Hapo ndipo ningemwomba radhi. Badala yake nilijisikia nikiuliza, kwa sauti ile ile niliyoitumia ghalani, kama angeweza kuja Jumamosi, mara moja tu, kwa kuwa hatukuwa na mtu wa dramu.

Methusela hakukasirika. Naamini ningepata nafuu kama angekasirika.

"Sogea kidogo, kaka," alisema. "Cheche zitakuunguza."

Akashusha barakoa yake usoni, akaendelea na geti.