Fundi Amesema Mashine Iko Sawa

Fundi ametoka kwangu sasa hivi na hajafungua hata skrubu moja.

Mashine yangu ya kufua, hii ya zamani ya kufunguliwa juu, ilikuwa ikifika kukamua inagonga ukuta na kuzima. (Sisi wa kuzaliwa miaka ya hamsini hatutupi kitu.) Nikaweka jiwe chini ya mguu. Wapi.

Fundi kutoka Thika akachungulia ndani. Akaona shati moja na taulo.

"Mzee, mashine iko sawa. Nguo ni kidogo, zinajazana upande mmoja. Si uongeze za watu wa nyumba?"

Nikamwambia sawa.

Alipoenda nikatoa shuka za vitanda vya watoto, safi, hazijalaliwa tangu Krismasi. Nikaongeza.

Ikazunguka vizuri kabisa.

Majirani wa Gitothua, mkiwa na nguo chafu leteni. Chai iko.