Damu Ileile, Chupa Nyingine

Wifi yangu hamwamini mtu. Ni mpimaji katika maabara ya hospitali, watoto wa wodini humwita Mama Sindano, na kazi hiyo imemfundisha kutilia shaka kila kitu. Mashine ikitoa jibu asiloliamini, huchukua damu ileile, akaitia kwenye chupa nyingine yenye jina la uongo, akaipima upya. Majibu yakipishana, mashine ni mbovu, haina ubishi.

Basi alipokuja kibandani ninakoshonea nguo, nikajua kuna jambo. Mwaka jana aliomba kusomea udaktari, wakamkatalia kwa sababu alama zake za kemia zilikuwa dhaifu. Wakamwambia asome somo moja la ziada katika chuo cha hapa mjini, alichague mwenyewe, afaulu vizuri, kisha aombe tena. Hiyo ndiyo nafasi yake ya mwisho, maana umri unampita. Na usajili ulikuwa unafungwa jioni ileile.

"Mumeo anasemaje?" nikauliza. Mumewe ni mdogo wangu, mwalimu wa kemia.

"Anasema nichukue saikolojia. Eti daktari lazima aelewe moyo wa mgonjwa. Mwalimu wa kemia, wifi! Somo lake mwenyewe hata hakulitaja."

Nikapandwa na hasira. "Unataka kusema nini?"

"Sisemi kitu. Nataka ukamuulize, ila ufanye kama unamuulizia mtu mwingine."

Hapo nikaona amevuka mpaka. Yule kijana nimembeba mgongoni, leo nikampeleleze? Tena wifi mwenyewe nilikuwa namshuku: chuo cha udaktari kiko mbali, miaka ni mingi, huenda anatafuta kisingizio cha kufungasha virago. Nikakubali kwa hamaki, ili nimletee jibu la kumfunga mdomo.

Nilimkuta mdogo wangu shuleni, anasahihisha madaftari. Nikamwambia nina mteja, binti yake amekataliwa udaktari kwa ajili ya kemia, na sasa wanamshauri asome saikolojia.

Hata kalamu hakuiweka chini. "Nani huyo anayempoteza mtoto wa watu? Achukue biokemia, dada. Akiwapelekea saikolojia watamkataa vilevile."

"Una hakika?"

"Kabisa. Anayemwambia vingine hamtakii mema."

Ndipo akainua macho. Mimi sijui kuficha uso wangu, sijawahi kujua. Kalamu ikasimama.

"Dada, nani kakutuma?"

Akafunga daftari, sauti ikamshuka. "Akienda harudi, dada. Akishakuwa daktari, mimi atanitaka wa nini?"

Nilimhurumia, na papo hapo nikatamani kumzaba kofi.

Wifi alikuwa bado kibandani, amekaa kwenye kiti cha wateja, mkoba mapajani. Njia nzima nilikuwa natunga uongo wa kumkinga ndugu yangu. Nilipomwona, uongo wote ukanitoka.

"Biokemia," nikamwambia.

Nilingoja apige kelele, anisimange, aseme si nilikwambia. Akafumba macho tu.

"Nilikuwa naomba nikosee, wifi," akasema. "Mara hii tu, nikosee."

Kisha akasimama, akashika njia ya chuoni. Nikafunga kibanda nikamfuata, nikamshika mkono, maana kwa machozi yaliyomjaa asingeona hata gari likija.