Mama Amida Afua Risasi za Shaba

King'ora cha kiwanda hakijalia, wafanyakazi wa zamu ya asubuhi ndiyo kwanza wanatafuta viatu vyao, na tayari nyundo ya Mama Amida inasikika mtaani Kamalondo. Majirani wamechoka kulalamika. Siku hizi wanasema wakiikosa asubuhi moja, watachelewa kazini.

Ameketi uani kwenye kigoda, kitenge amekifunga barabara kiunoni. Anakishika kipande cha shaba kwa koleo, anakiweka kati ya vikombe viwili vya chuma, anapiga, anageuza, anapiga tena. Kinatoka kitufe chekundu cha mviringo, saizi ya ncha ya kidole. Ni risasi ya gobore, na wawindaji wa Lukafu mpaka Mitwaba wanaijua kazi ya mkono huu.

Leo anapiga huku akitazama mlango wa ua. Anamngoja Baba Mawazo, mwindaji mzee wa Lukafu.

Ufundi huu aliachiwa na marehemu mumewe, Alimasi, mtu wa Maniema. Enzi hizo waliyeyusha plomb, yale madini laini ya kijivu yanayotolewa kwenye betri mbovu za malori. Ilikuwa kazi nyepesi: moto mdogo, kalibu, basi.

Wawindaji nao wana desturi yao. Mnyama akianguka, nyama inayozunguka kidonda haiuzwi. Ni fungu la fundi wa risasi, aile na aione kazi yake. Mama Amida si mchoyo, na kinofu kile kimekwisha kupondwapondwa, laini kabisa. Akawa anampa mjukuu wake Kulthumu, ambaye meno yake yalikuwa bado machache.

Mtoto akaanza kulia tumbo. Viganja vikawa vyeupe, na maneno aliyokwisha kuyajua yakampotea mdomoni. Dawa za malaria hazikusaidia, za minyoo vilevile. Ni Ngalula, muuguzi wa zahanati ya jirani, aliyeuliza nyumba hii inaishi kwa kazi gani, kisha akauliza mtoto anakula nini. Aliposikia habari za fungu la fundi, akamtuma hospitali kupimwa damu. Plomb ilikuwemo, nayo ni sumu. Risasi ya plomb ikipiga, inamwaga ndani ya nyama vumbi ambalo jicho halilioni.

"Miye mwenyewe njo nilikuwa namupa," anasema Mama Amida, na nyundo inatulia. "Na mukono yangu. Kila mara bananiletea nyama, nasema, huyu mutoto akule muzuri."

Hakulia mbele ya watu. Alifukia sufuria ya plomb, akakwangua udongo wa ua mzima ukatupwe mbali, akaenda kwa wauza vyuma chakavu kununua vipande vya fito za shaba.

Hapo ndipo wawindaji walipomcheka. Wakamwambia shaba ni ya kupeleka Ulaya, mbawala haijui. Risasi za kwanza zilikuwa ngumu mno, zikakwaruza mitutu, na kwa kuwa ni nyepesi zilianguka njiani. Zaidi ya nusu ya wateja wakamkimbia. Akazipunguza umbo kidogo, akawafundisha waliobaki kuzifunga kitambaa kabla ya kuzishindilia, na kumsogelea mnyama zaidi. Wawindaji hawapendi kufundishwa kuwinda na mwanamke wa mjini, na yeye hapendi kunyamaza.

Mwisho akakubaliana na Baba Mawazo, ambaye wawindaji wa Lukafu humfuata kama kivuli. Achukue konzi moja ya shaba aende nayo porini. Ikishindwa, arudi kwenye plomb na wenzake wote, na Mama Amida atauza makaa.

Baiskeli ya Baba Mawazo inaingia uani jua limeshapanda. Anaisimamisha taratibu, anasalimia, anaomba maji, anayanywa yote. Mzee huyu anajua kumtesa mtu.

"Ya kwanza nilipiga mbali, ikaanguka," anasema hatimaye. "Nyama akaenda zake. Nikakukasirikia mingi, Mama."

"Na ya pili?"

"Ya pili nikatambaa, nikakaribia sawa vile ulisema." Anafungua jani la mgomba. "Akalala palepale."

Ndani ya jani kuna nyama ya kidonda. Mama Amida anaichana kwa kisu, pole pole, mpaka ncha inagonga kitu. Anakitoa, anakiosha, anakiweka kiganjani: kitufe chekundu, kizima, hakikupungua hata ukucha. Anamrudishia Baba Mawazo akipige tena. Huyo anacheka, anasema wenzake wawili wanataka konzi zao kabla ya wiki kwisha.

Msimu ujao, anasema Mama Amida, atapanda lori na vikombe vyake vya chuma mpaka Mitwaba, awafundishe mafundi wa huko. Ngalula ameahidi kwenda naye, awaeleze akina mama.

Nyama inaiva. Kulthumu, ambaye sasa anaimba nyimbo za shule bila kukwama, anasimama mbali na sufuria kama alivyozoeshwa. Tangu augue, fungu la fundi hajaligusa.

"Kambo, na miye leo?" anamuuliza bibi yake.

Mama Amida anampulizia kinofu cha kwanza kipoe. "Njoo, mama. Kula," anasema. "Hii njo kazi yangu."