Kengele Nje ya Msimu

Binti yangu wa mwisho alipofika miaka kumi na sita, aliiteka stoo yangu. Tunaishi Matisi, hapa Kitale, na stoo yenyewe ni chumba cha mabati nyuma ya nyumba, tunamoweka mahindi ya mwaka mzima. Aliingiza kompyuta kuukuu aliyoachiwa na dada yake, spika mbili nilizokuwa nimezifufua kwa mikono yangu, na maikrofoni aliyoifunga kwenye mpini wa jembe. Magunia akayapanga kwenye kuta zote mpaka juu. Nilidhani ni usafi. Kumbe magunia ya mahindi humeza mwangwi, na hilo aliligundua bila kufundishwa na mtu.

Mimi ni fundi wa trekta, na hasira zangu ziko karibu. Nilimuuliza huo ni muziki gani usio na gitaa, ngoma wala mtu wa kuimba. Akanivisha hedifoni. Nikasikia mvua juu ya mabati, kisha mahindi yakimwagwa kwenye debe, kisha trekta ya mteja wangu mmoja ikikataa kuwaka, na vyote hivyo vinacheza kwa zamu, kimoja kikimpisha mwenzake. Nikavua nikasema, "Sawa, lakini usisahau kuteka maji." Sikutaka aone nilivyoshtuka.

Sasa nieleze jambo la kwetu. Huko Matulo, Bungoma, nilikozaliwa, kijana anayekaribia kutahiriwa hupewa kengele mbili za chuma, moja kila mkono. Huzigonga kwenye vikuku vya chuma alivyovaa, akicheza njia nzima, akienda mlango kwa mlango kuwaalika jamaa. Huwa ni mwaka mmoja ndiyo, mwaka unaofuata hapana, na ni kuelekea Agosti tu. Katika ukoo wetu, aliyezitumia mwisho ndiye huzitunza mpaka mwanawe wa kiume azihitaji. Mimi ndiye niliyezitumia mwisho, nami nikajaliwa wasichana watatu. Nawapenda, Mungu ni shahidi, lakini sitadanganya: kila msimu kengele zilipolia kwa jirani, nilijifanya nina kazi chini ya trekta. Zangu zilikaa juu ya kabati pamoja na vikuku vyake, zimefungwa kwenye kipande cha blanketi, miaka thelathini na ushee.

Likizo ya Aprili, katika mwaka usio wa tohara, kaka yangu mkubwa alipiga simu kutoka Matulo. Kitindamimba wake, mvulana wake wa pekee, alikuwa anaingia tohara msimu ujao.

"Hizo kengele zinakaa huko zinafanya nini, bana?" akasema. "Nakuja Jumapili kuzichukua."

Alikuwa na haki, maana mimi sikuwa na mwana wa kumpa. Nilikubali, nikakata simu, nikarudi chini ya trekta. Kengele zingeondoka kwangu bila kulia uani mwangu hata mara moja.

Jumatano mchana nilirudi nyumbani kuchukua spana, nikazisikia. Zilikuwa zinalia stoo. Nilisukuma mlango nikamkuta binti yangu ameketi kwenye gunia, vikuku vimemlegea, anazigonga mbele ya maikrofoni. Niliwaka. Nilimwambia kengele hizo si za msichana, hazipigwi nje ya msimu, na hazipigwi na mtu aliyeketi kama anayechambua maharagwe. Alivua vikuku, akaviweka juu ya lile blanketi.

"Baba, si zinaenda Jumapili?" akasema. "Nilitaka tu sauti ibaki."

Nikakaa hapo hapo sakafuni, yeye akanichezea alichokwisha kurekodi. Kila pigo alikuwa amelinyoosha kwa kompyuta, likakaa sawa na mwenzake, kama mistari ya mahindi iliyopandwa kwa mashine. Ilikuwa safi kabisa, na ilikuwa imekufa.

"Imekosa nini?" akauliza.

"Miguu."

Hakuelewa, na mimi si mwalimu. Nilijaribu kumweleza kwamba kijana hukanyaga kwanza, kifua kikatikisika, ndipo mkono ufike ukiwa umechelewa kidogo, na utamu wote uko katika kule kuchelewa. Basi nikaomba vikuku. Viligoma kupita, maana mikono imenenepa, ikabidi anipake mafuta ya kupikia.

Nilidhani nimesahau. Miguu ilianza kabla sijaiamuru. Mzee wa miaka hamsini, ndani ya ovaroli yenye grisi, nikawa naruka katikati ya magunia, vumbi la mahindi linapanda, na mdomo wangu unaita majina ya mashangazi niliokwenda kuwaalika nikiwa kijana, ambao wengi wao wameshazikwa. Nilipoacha nilikuwa nahema kama ng'ombe wa kulima, na maikrofoni bado inarekodi.

"Hapo pa kuhema utoe," nikamwambia.

"Hapana, Baba. Hiyo ndiyo miguu yenyewe."

Hapo ndipo nilipomwogopa binti yangu, woga ule mtamu unaompata mtu mbele ya jambo kubwa kuliko yeye. Siku tatu zilizofuata nilikuwa nachungulia dirishani. Alisikiliza pigo moja mara ishirini, akalisogeza upande kidogo, akalirudisha, akalisikiliza tena. Nilikuwa nikidhani muziki humjia mtu kichwani ukiwa mzima. Kumbe naye hufungua na kufunga, kama mimi na injini zangu.

Jumapili kaka yangu alikuja. Alikunywa chai uani, kengele ziko mapajani mwake ndani ya mfuko, tayari anaangalia saa. Binti yangu akamsogelea.

"Baba mkubwa, sikiza kwanza. Kidogo tu."

"Ati kengele ndani ya kompyuta? Haya, hebu tuone hiyo maajabu."

Binti akafungua mlango wa stoo wazi, spika zote mbili zikitazama uani. Spikani ilianza mvua. Chini yake ukaja mngurumo wa trekta, ameushusha mpaka nikausikia kwenye nyayo kabla ya masikio. Kisha kengele moja, ikachelewa kidogo, ikajibiwa na nyingine, kisha zikawa nyingi, kundi zima linapanda kilima, na katikati yao mtu anahema. Nilijijua kuwa ni mimi, lakini nilimsikia baba yangu.

Kaka aliweka kikombe chini. Mabega yake yalianza kucheza, kisha akasimama na mfuko wake kwapani, macho amefumba, akakanyaga ardhi kama mtu wa miaka kumi na minne. Nikaingia kando yake. Nililia, na sikujificha.

Geti likafunguliwa. Wakaja majirani wetu wa kutoka Bungoma, mama mmoja mikono ina unga, mwingine anapiga vigelegele tangu barabarani. Wote walijua mwaka huo si wa tohara, lakini walikuja. Walizunguka uani wakitafuta kijana mwenye kengele, wakaona wazee wawili tu wanacheza mbele ya mlango wa mabati. Mzee wa nyumba ya tatu akanishika bega.

"Ni nani anapiga?" akaniuliza kwa sauti, muziki usimzidi.

"Msichana wangu," nikasema.