Jina la Kambini Haliombwi

Koti la sufu likinyeshewa, kisha likaanikwa karibu na moto, hutoa harufu ya mbwa aliyeogeshwa kwa lazima. Hiyo ndiyo harufu ya mwaka wangu wa kumi na nne. Ichanganye na moshi wa kuni za mkalitusi unaowasha macho, na chai iliyochemshwa kwenye kopo jeusi hadi ikawa chungu kama dawa ya malaria, nawe umefika kwenye malisho ya mfugaji mmoja nje kidogo ya Minto, pembeni mwa jiji la Sydney, Australia, mwanzoni mwa mwaka 2021. Korona ilikuwa imelegeza kamba kidogo. Tulikuwa tumetoka kwenye kifungo kimoja cha nyumbani na hatukujua kwamba kingine kiko njiani. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, watu wazima wapatao arobaini, wahasibu, madereva na walimu wastaafu, walivua nguo zao za kila siku wakavaa makoti ya sufu na kofia pana, wakapiga mahema ya turubai, na kwa siku mbili wakaishi kama wachimba dhahabu wa enzi za babu wa babu zao. Waliigiza kila kitu cha zama hizo, isipokuwa watu waliokuwa wakiishi kwenye ardhi ile kabla ya dhahabu. Hao hawakupigiwa hema. Lakini wakati huo mimi sikuyaona hayo. Nilichokiona mimi ni vibao.

Kila mwanachama alining'iniza shingoni kibao cha mbao chenye ukubwa wa kiganja cha mtoto, na juu yake jina lake la kambini limechomwa kwa waya wa moto. Majina yalikuwa ya Kiingereza, ila mimi kichwani niliyatafsiri yote, na mpaka leo nayakumbuka kwa Kiswahili. Palikuwa na Buti Moja, mzee mrefu wa reli aliyestaafu, jina lake la serikali likiwa Des. Buti lake la pili liliungua akiwa amelala miguu motoni. Palikuwa na Bi Sufuria, ambaye siku ya mvua kubwa aliukumbatia mchuzi wa watu wote chini ya koti lake kwa saa nzima usiingie maji. Palikuwa na mama wa benki aliyeitwa Chumvi Mara Mbili, na sababu unaweza kuikisia. Majina hayo hayachaguliwi wala hayaombwi. Ukiliomba, umejichelewesha mwenyewe. Sharti litokane na jambo lililokupata palepale kambini, tena lishuhudiwe na watu wawili wasio ndugu zako. Jumapili baada ya chai ya asubuhi, Bwana Des alikuwa akigonga mfuniko wa chungu cha chuma mara tatu. La mgambo likilia lina jambo. Watu wote walisogea. Akasimulia kisa, akarusha kibao hewani, na yule aliyekidaka hakuitwa tena kwa jina jingine ndani ya uzio ule.

Bi Sufuria ndiye aliyenipeleka. Alikuwa jirani yetu hapa Doonside, uzio kwa uzio, na jina lake la nyumbani ni Bev. Mama yangu ni muuguzi, lakini pia ni fundi cherehani, kazi aliyojifunza kwa shangazi yake kule Voi. Barakoa zilipokuwa adimu, mama alimshonea Bi Bev kumi za kitenge. Bi Bev naye akaona ushonaji ule akaja na michoro ya kofia za kina mama wa zamani. Mama akashona. Malipo yake yakawa mimi kupelekwa kambini, maana mama alichoka kuniona nimekaa mbele ya kioo cha tableti.

Hapo kwenye tableti ndipo ilipoanzia tamaa yangu. Mwaka mzima wa masomo ya mtandaoni nilitumia tableti ya mama, na kwenye kisanduku changu pale darasani palisomeka jina la mama. Sikujua kulibadilisha, na nilipojua, nilikuwa nimeona haya mno kulibadilisha. Darasani kwenyewe, mwalimu alipofika kwenye jina langu, Wakesho, alikohoa kwanza, akasita kama anayetaka kuvuka barabara. Sasa mtoto wa namna hiyo mwoneshe watu wazima wanaorushiwa majina hewani huku wakipigiwa makofi! Nilikitaka kile kibao kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na sitajifanya kwamba kilikuwa kitu kidogo.

Kambi ya kwanza nikateka maji, nikamenya viazi, nikasubiri. Sikupata. Kambi ya pili nikasubiri tena, nikiwa nimeganda kama picha, kwa kuwa sikujua nifanye nini ili nipatwe na jambo. Bi Bev akaniambia mvumilivu wa kambini hupata jina tamu. Kwa kambi ya tatu nikaomba nimlete rafiki yangu Furaha. Naliandika hili kwa herufi zilizonyooka ili lisipotee: mimi ndiye niliyemleta. Furaha alikuwa wa nyumba ya nne kutoka kwetu, familia ya Wakongo kutoka upande wa Uvira, waliofika Australia miaka miwili kabla ya korona. Baba yake alikuwa akipakua makontena kwenye ghala moja la Smithfield. Kiingereza chake Furaha kilikuwa bado kinachechemea, na nadhani nilimpeleka ili awepo mtu mmoja kambini ambaye mimi ningekuwa mbele yake.

Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi kuni zilikuwa zimelowa, na sheria ya kambi ilikataza viberiti. Wanaume watano wenye ndevu walipiga jiwe la gumegume na chuma mpaka vidole vikatoka damu, moto ukagoma. Furaha aliwatazama, akanigeukia akasema, "Hawa wanachezaka na moto, hawaujue." Akaenda kwenye mti, akabandua gome, akachomoa nyuzi kavu za ndani, akazisokota kama kiota. Akaomba cheche moja tu. Kisha akapiga magoti kwenye matope akapuliza, taratibu, pumzi ndefu zisizokatika, nywele zake zikiwa karibu na kiota kile, mpaka moto ukashika. Akajipangusa magoti. "Kule ku camp ya wakimbizi tulikuwa tunafanya hivi kila siku, hata mvua inyeshe," alisema, na mimi ndiye niliyetakiwa kuwatafsiria. Niliwatafsiria. Baadhi ya watu wazima wakavua kofia.

Jumapili ile mfuniko ukagongwa. Kambi yake ya kwanza! Kibao kilipita hewani juu ya kichwa changu, Furaha akakidaka kwa mikono miwili, kikisema Pumzi. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo. Mgeni wangu alikuja, mwenyeji nikaugua. Wivu wangu haukukaa moyoni kama ilivyoandikwa vitabuni. Ulikaa tumboni, upande wa kushoto chini ya mbavu, na ulikuwa na joto. Nilipiga makofi kuliko wote. Njia nzima ya kurudi, nyuma ya gari la Bi Bev, Furaha alikuwa amelala na kibao kifuani, nami nikakitazama nikihesabu herufi zake.

Kambi ya nne nikaamua kujisaidia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nikainama. Nilichagua saa ambayo mashahidi wawili walikuwa kando ya kijito, nikajitupa majini na ndoo yangu, nikapiga ukelele mzuri ambao nilikuwa nimeufanyia mazoezi bafuni. Walinitoa, wakanifunika koti, lile la harufu ya mbwa. Furaha alikuja mbio akaniuliza kama nimeumia, akanisugua mikono, na hilo nalo likanichoma. Bwana Des alininyooshea kikombe cha chai, akaniambia kwa sauti ya chini wengine wasisikie, "Binti, jina halitegwi kama panya." Jumapili mfuniko haukugongwa kabisa.

Basi ikafika wiki ya kambi ya tano, mwanzoni mwa majira ya baridi. Habari za korona zilikuwa zimeanza kunong'ona tena na watu walikuwa wakitazamana midomo. Alhamisi jioni mama alirudi kutoka kwenye maombi akamwaga habari huku akivua viatu: "Baba Furaha hakuja fellowship, ako na kikohozi. Ni vumbi tu ya hiyo warehouse, si wanafungua makontena bila mask." Akaenda kuoga. Mimi nikatoka nje, nikaenda mpaka kwenye uzio, nikamwita Bi Bev. Nikamwambia babake Furaha anakohoa sana, na kwamba amekosa kwenda kazini. Kikohozi kilikuwa kweli. Vumbi sikulitaja. Na kazini alikwenda, hata siku hiyo, maana nililiona gari lake likirudi. Sikutaka mtu yeyote adhurike. Nilitaka Furaha asiwepo Jumapili moja, moja tu, ili macho ya Bwana Des yanione.

Bi Bev alinishukuru. Alinishika bega juu ya uzio, akaingia ndani kupiga simu. Bwana Des alimpigia baba yake Furaha kwa adabu zote, akamwomba familia ibaki nyumbani na wakapimwe. Ijumaa walikaa kwenye foleni ya magari kwa saa nne wakisubiri kuchokolewa pua, na majibu hayakutoka mpaka Jumanne: hawakuwa na kitu. Lakini habari ya kikohozi haikusubiri Jumanne. Ilishaingia kanisani kupitia simu za watu, na hata Jumapili baada ya majibu, mama aliniambia, palikuwa na safu nzima ya viti vitupu kuwazunguka watu watano wa familia ile.

Mimi Jumapili ya kambi nilikuwa kambini. Mfuniko ukagongwa mara tatu. Bwana Des akasema kwamba jambo la leo halikutokea ndani ya uzio, lakini kambi nzima imeponea hapo, kwa hiyo sheria itapindishwa mara moja. Akasema kuna mtoto ambaye angeweza kunyamaza, kwa kuwa mgonjwa ni baba wa rafiki yake, na hakunyamaza. Mashahidi walikuwa yeye na Bi Sufuria. Akarusha. Nilikidaka, na mikono yangu ilijua kabla ya macho kwamba kile ndicho nilichokuwa nikikililia. Kilisomeka Mlinzi. Watu arobaini walinipigia makofi kwenye ule moshi, na mimi nikasimama pale nikitabasamu, nikiwa na jina linalosema hasa nilichokifanya, kumchunga jirani na kumchongea, ila limevaa nguo za kanisani. Kikulacho ki nguoni mwako. Tangu siku hiyo methali hiyo siisemi kwa ajili ya wengine.

Wiki tatu baadaye Sydney ikafungwa. Kwetu upande wa magharibi ilikuwa kali zaidi. Helikopta zilizunguka juu ya mapaa na hatukuruhusiwa kwenda mbali na nyumbani. Kibao nilikificha kwenye droo ya soksi. Furaha alinitumia ujumbe mara mbili, nikamjibu kwa vikaragosi vya kucheka. Kabla mwaka haujaisha walihama, na nitakuwa mwongo nikisema kwamba nilisikitika siku ile. Nilipumua.

Sasa nasoma chuo kikuu, mwaka wa pili. Mwaka jana nilikwenda kambini kutazama tu. Bwana Des ameshakufa, na vibao sasa vinachapwa dukani. Mgeni anajaza fomu, anajiandikia jina alipendalo, anakabidhiwa langoni pamoja na kofia. Niliona watoto wawili wanaitwa Dubu Mkali na Malkia wa Dhahabu kabla hata hawajateremsha mabegi. Nilidhani nitawacheka. Badala yake lile joto la chini ya mbavu likarudi, kwa kuwa walipata bure, wakiwa safi, kitu ambacho mimi nilikilipia kwa baba wa mtu.

Mwezi uliopita nilimkuta Furaha kwenye stesheni ya Doonside, saa mbili asubuhi, amevaa sare ya kuhudumia wazee. Tulikumbatiana. Nikamwuliza kama bado anacho kile kibao cha Pumzi. Akakunja uso, akafikiri kwa nia njema kabisa. "Pumzi? Aa, ile ya wazungu wa mahema! Nilikuwa nimesahau kabisa." Nikamwonea wivu tena palepale, safari hii kwa kusahau. Akaniuliza, "Na wewe, walikupatia?" Nikasema ndiyo, waliniita Mlinzi. Akacheka. "Ulilinda nini?"

Ningeweza kucheka naye. Nilimwambia. Nilimwambia kikohozi, vumbi nililoliacha, uongo niliouongeza, uzio, makofi. Aliacha kucheka mapema, ila hakunikatiza.

"Unajua," akasema, "ile semaine, ile wiki ya kikohozi, Papa alikuwa amenunua chapeau, kofia kubwa kama ya wale wazungu. Alikuwa anataka kuja na sisi. Ku kazi wote walikuwa wanamwita 'mate' tu, ile ya Kiingereza, kusema rafiki, hakuna mwenye alijua jina yake. Kila siku anaivaa mbele ya kioo, anatuuliza: mimi watanipatia jina gani?"

Treni ikasimama. Furaha akapanda, nami nikabaki kwenye jukwaa, ingawa ilikuwa treni yangu pia.